Ukienda kuwaona wazee, nenda na shida yako

Wiki iliyopita nimepata meseji ya dada mmoja msomaji wangu. Yupo Dar, mama yake mkubwa yupo kwenye makazi ya wazee huku kwetu mkoa wa Tanga. Ameniruhusu niiweke hapa: "Kaka kinyozi, kila mwezi napanda basi naenda kumwona, nambebea sukari, biskuti, mafuta ya kupaka, pampasi, anapokea anasema ahsante mwanangu halafu ananyamaza anaangalia mlango. Nakaa nusu saa najiona namchosha, naondoka. Nimpelekee nini afurahi?"

Nikamjibu hapohapo nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Dada yangu, usipeleke kitu. Peleka shida.

Hakunielewa na wala simlaumu, maana hata mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa, na nilielewa kwa aibu. Kwa hiyo leo nimefunga saluni mapema, kahawa ipo hapa na kashata zangu mbili, naandika yote. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo ya kuanzisha kitu cha kusaidia wazee, mnanitumia meseji kila siku, basi someni mpaka mwisho kabla hamjachapisha tisheti.

Kwa wageni, mimi ni kinyozi, saluni yangu ipo Ngamiani, barabara ya 12, viti viwili na kioo kimoja chenye ufa ambao wateja wameshauzoea.

Ilikuwa Ramadhani ya 2022. Tulikuwa na grupu letu la WhatsApp, vinyozi, mafundi simu, madereva bajaji, tukasema jamani na sisi mwaka huu tutoe. Tukachangishana, pesa ikapatikana nzuri tu. Tukachapisha tisheti za kijani zina maandishi mgongoni, tukatengeneza na bango, tukanunua mchele, tende, sukari, na sabuni maboksi saba. Tukatoka bajaji nne na Noah moja, honi mpaka huko. Makazi yenyewe siyataji, na mkinijua tafadhali msiyataje kwenye komenti.

Tuliwaambia tunafika saa nane. Tukafika saa kumi na nusu. Wazee walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi chini ya mwembe tangu hiyo saa nane, wengine wamefunga. Tukashuka tukawaamkia "Shikamooniii!" kwa pamoja kama tunaimba, na wao wakajibu marahaba kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza mkaguzi akiingia. Hiyo shikamoo ya jumla naikumbuka mpaka leo inanikera. Mtu ana miaka 80, unamwamkia kwa fungu kama dagaa.

Ikasomwa risala. Ikaja zamu ya kukabidhi. Mimi nikapangiwa mzee mmoja mrefu mwembamba, shati la mikono mirefu amelifunga vifungo mpaka shingoni, namwita Babu tu. Nikamkabidhi sabuni huku namgeuza taratibu aelekee kwenye kamera. Akanishika mkono, hakuiangalia kamera, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mjukuu wangu, hii ni sabuni ya kumi na moja tangu mwaka uanze. Tunanuka?"

Waliosikia wakacheka. Na mimi nikacheka. Mpigapicha akapiga hapohapo nikiwa nacheka, ndo picha iliyopata laiki nyingi kuliko zote nilizowahi kuweka maishani mwangu.

Siku ya tatu ikaingia simu ya namba ngeni. Mtu anatukana, namwuliza wewe nani, anatukana tu. Kumbe kwenye ile picha, pembeni nyuma ya Babu, kuna mzee mwingine ameonekana uso wote, na familia yake ilikuwa imewaambia watu wa mtaani kwao kwamba mzee yupo shamba analelewa na ndugu. Mtaa mzima ukaiona picha. Mpwa wake ananiambia umetuvua nguo, mimi namjibu mmejivua wenyewe, yaani badala ya kuomba radhi nikaingia kwenye malumbano na mtu nisiyemjua, saluni imejaa wateja wananisikiliza. Mama msimamizi naye akapigiwa na watu wa juu yake. Akaniita, akanieleza kwa upole tu kwamba wazee wale wana heshima zao na hakuna hata mmoja tuliyemwomba ruhusa ya kumpiga picha, na nisije tena mpaka aniite mwenyewe.

Nikanuna. Nikaandika kwenye grupu kwamba wema umeniponza. Fundi simu mmoja mdogo kabisa kwetu akanijibu, kaka wahenga walisema tenda wema uende zako, hawakusema tenda wema upige picha. Nikamtoa kwenye grupu. Baadaye nikamrudisha lakini ukweli ni kwamba nilimtoa, nakiri.

Hayo ya barua, kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, kurudi, mhusika hayupo, njoo kesho, nawarukishia. Ilichukua miezi mitano. Nilirudi peke yangu, Jumatatu, maana Jumatatu ndo siku yetu vinyozi ya kupumzika, bila tisheti, na begi la kazi tu. Mashine mbili, spiriti, pamba, poda, shuka la kufunika. Nikamwambia mama msimamizi mimi sina cha kutoa, nina mikono. Akanipa kiti cha plastiki chini ya mwembe uleule.

Kichwa cha kwanza nilichoshika siku ile kilikuwa cha mzee mmoja asiyeongea kabisa. Nimeweka mkono wa kushoto pale utosini kumtuliza kabla sijawasha mashine, kama ninavyofanya kwa kila mteja, yule mzee akafumba macho na shingo yote ikalegea, kichwa kikanilalia kiganjani. Nikakaa hivyo sijui muda gani mashine haijawashwa. Nesi aliyekuwa anapita akaniambia huyo huwa hagusi mtu na hagusiki. Jamani hebu fikirieni, mtu anaogeshwa, anapimwa presha, anashikwa mkono kuinuliwa, lakini kuguswa tu, kuguswa hivihivi kama binadamu anavyoguswa na mwenzake, kunakwisha lini? Mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria. Waingereza mwaka 2018 waliteua waziri wa mambo ya upweke, nakumbuka tulicheka kijiweni siku nzima, tukasema wazungu wamekosa kazi. Sasa hivi sicheki.

Kidogo kwa vinyozi wenzangu mnaotaka kwenda. Ngozi ya mzee imekonda, mashine isipashe moto, zima kila baada ya muda uguse bleda kwa mkono wako mwenyewe kwanza. Uliza kabla, huyu ana sukari? Anatumia vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi? Mwenye sukari kidonda chake hakiponi haraka, mchubuko ambao kwa kijana ni utani kwake ni kesi. Spiriti kila kichwa, bila uvivu. Na msiwabane muda, mzee akitaka kugeuka aangalie mwewe anayepita mwache aangalie.

Na kuna hili naliandika kwa aibu. Alikuwepo mzee aliyekatika vidole, alishapona ukoma miaka mingi. Makazi mengi ya wazee nchini, kama kule Nunge Kigamboni, yana historia ya kuwa makazi ya wenye ukoma, kwa hiyo utawakuta. Zamu yake ilipofika hakuninyooshea mkono, akaniamkia yeye kwa kichwa kutoka mbali, na mimi nikafurahi ndani kwa ndani kwamba hakuninyooshea. Nikamnyoa haraka kuliko wenzake. Usiku nikaingia intaneti kusoma, nikakuta dawa za mseto za ukoma zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mtu akishaanza dawa haambukizi, vile viganja ni kovu tu la ugonjwa uliokwisha zamani. Mzee yule alikuwa anajua nilichokuwa nawaza kabla mimi sijajijua. Jumatatu iliyofuata nilianza na yeye, na nilimpa mkono. Akanicheka, akaniambia umeshasoma eeh? Ndo bingwa wa bao pale, anasogeza kete na vile vishina vya vidole kwa kasi huwezi kufuatilia, ameshanifunga mara nyingi mpaka tumeacha kuhesabu.

Haya sasa nije kwenye kiini.

Babu mwenyewe miezi yote hiyo hakutaka ninyoe kichwa chake. Anakaa benchi la mbali, anaangalia nafanya kazi, anatikisa kichwa. Nikajua ile picha bado inamuuma, nikamwacha.

Siku moja umeme ulikatika Tanga nzima tangu usiku, sikuchaji. Nipo katikati ya kichwa cha mzee mmoja mnene, zamani dereva wa lori, upande wa kulia umeisha unang'aa, upande wa kushoto nywele zote zipo, mashine ya kwanza ikafa. Nikachukua ya pili, ikaunguruma kama pikipiki inayoishiwa mafuta, ikafa. Wazee wakaanza kucheka, na yule dereva anauliza mnacheka nini, hana kioo, ndo wanazidi. Nikasema basi babu yangu nitakuja kumalizia Jumatatu ijayo.

Kutoka lile benchi la mbali nikasikia, "Utamwacha mtu nusu kichwa siku saba? Umeona wapi kinyozi wa hivyo? Lete wembe."

Nikasema sina wembe, mimi natumia mashine.

"Basi wewe si kinyozi, wewe ni fundi umeme."

Akanyanyuka. Akaenda ndani polepole, akarudi na bakuli la maji ya moto kutoka jikoni na sabuni. Ile sabuni yetu jamani. Bado ipo kwenye karatasi yake. Kijana wa jikoni akatumwa wembe mpya dukani. Babu akakoroga povu kwa kiganja mpaka likawa zito kama krimu, akalipaka kile kichwa, akaniwekea wembe mkononi. Mikono yake yeye inatetemeka, hawezi. Akasimama nyuma yangu, akaanza. "Vuta ngozi kwanza. Kwa gumba. Siyo hivyo, unamfinya. Ngozi ya mzee kama karatasi ya msahafu wa zamani, hausukumi, unavuta. Pinda mkono. Pinda! Nani alikufundisha kazi wewe?" Miaka kumi na minne ya unyozi, nikatukanwa mbele ya watu kama mwanafunzi siku ya kwanza, na kile kichwa kikatoka laini kuliko vyote nilivyowahi kunyoa.

Hapo ndo nikajua Babu alikuwa nani. Alitoka Songea mwaka 1960, kijana mdogo, akaletwa kwa lori kama manamba kuja kukata mkonge. Waliokulia Tanga wanajua manamba ni nini, kwa nyie wengine, manamba ni wale vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani, mtu anajulikana kwa namba, anapewa kipande, siku anazofanya kazi zinawekwa alama mpaka zitimie 30 ndo alipwe. Jumapili kambini Babu ndo alikuwa kinyozi. Wembe, sabuni, maji ya moto, foleni ya watu mpaka kwenye korona, yaani kile kiwanda cha kuchakata mkonge. Anasema wasimamizi wenyewe walikuwa wanakuja kwake.

Na anapenda kusimulia mkonge ulivyofika, kwamba Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893 na katika mzigo wote ikatua hai miche 62 tu. Nilidhani ni stori za babu, nikaenda kuhakiki, ni kweli, 62. Kutoka hiyo 62 mpaka mwaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000, tunaongoza dunia. Halafu ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, mambo yakaenda yakirudi nyuma, korona zikanyamaza moja moja. Babu akabaki kambini na mkewe, mke akafariki. Alishawahi kurudi Songea mara moja kutafuta ndugu, anasema nilikwenda mgeni nikarudi mgeni. Kwa hiyo nyie mnaokuja kwenye komenti zangu kulaani watoto waliotelekeza wazee, poleni, wapo watoto hao na mimi nitawasema, lakini wazee wengi wa mkoa huu hawakutelekezwa na mtoto yeyote. Walitelekezwa na mkonge.

Tangu siku ile Babu ana kazi. Jumatatu anaandaa bakuli, anapanga foleni, anaamua nani aanze, anamfukuza anayeruka zamu. Anajiita fundi mkuu, mimi ni msaidizi. Sabuni za boksi saba zikapata shughuli. Nisiwe mnafiki, najivunia hili jambo sana, vinyozi wanne wa mjini wameshakuja kujifunza kwake namna ya kunyoa kwa wembe wa mkono na mmoja sasa hivi wateja wake wanamlipa zaidi kwa ajili hiyo, na wote wanajua nani alianza.

Nikawa najiuliza, kimebadilika nini? Chakula kilekile, kitanda kilekile, wageni walewale. Nikakumbuka kitu tunakisema kila siku midomoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wazee wetu tumewafanya wageni wa kudumu. Tunawapokea, tunawalisha, tunawapa zawadi, mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi, siku ya jembe haifiki. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa ugenini muda mrefu anajua ile hali, unakula unashukuru, unaoga unashukuru, unachoka kushukuru mpaka unanyamaza unaangalia mlango. Dada yangu wa Dar, unaona mama mkubwa wako anaangalia nini?

Upande wa wanawake mimi siingii, anaingia mke wangu. Yeye mjanja kuliko mimi, hakukosea mwaka mzima. Safari yake ya kwanza alibeba mbuzi ya kukunia nazi na nazi nne, akakaa barazani anakuna vibaya kwa makusudi, machicha yanaruka nje ya sinia. Hakupita muda bibi mmoja Mdigo akasema toka hapo, ondoka, unaharibu nazi ya watu. Wakagombania ile mbuzi. Jiko la pale linapika kwa masufuria makubwa, la nazi halipo siku zote, kuna bibi aliyekuwa hajakalia mbuzi tangu ameingia. Siku ile wakapika mbaazi za nazi wenyewe, wakabishana tui la kwanza linaingia lini, wakanuniana wawili mpaka jioni. Mke wangu amerudi nyumbani anacheka, anasema walinuniana! Wakati mwezi uliopita walikuwa hawasemeshani kwa sababu hakuna la kusema.

Sasa niseme la kwangu, ambalo nimekuwa nalikwepa tangu aya ya kwanza.

Baba yangu mdogo ndiye aliyenilea. Aliishi kwetu Pongwe, chumba cha uani. Nyumba ina watu tisa, redio, tivii, watoto. Chakula alikuwa anapelekewa sahani imefunikwa vizuri, ahsante, sahani inarudi. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Na mimi kila mwezi nilikuwa natuma pesa, naipigia simu shemeji yangu nauliza mzee hajambo, ananiambia hajambo, nakata. Alikuwa fundi baiskeli, Tanga hii ya baiskeli, ameunga rimu za nusu ya mji. Baiskeli yangu ilikaa saluni imepasuka tairi miezi minne nasubiri fundi wa barabara ya 10 apate nafasi. Miezi minne. Sikuwahi kuwaza kuisukuma mpaka Pongwe.

Alifariki 2023, Jumanne. Jumatatu yake mimi nilikuwa makazini nanyoa wazee wa watu. Siku ya arobaini dada yangu mkubwa akaniambia mbele ya watu wote ukumbi umejaa, "Wewe si ndo mnyoa wazee maarufu? Wa kwako ulimnyoa lini?" Sikuwa na jibu. Kinyozi hajinyoi, wakacheka wengine, na mimi nikatoka nikaenda kusimama uani pale mlangoni kwake. Ndani kulikuwa na boksi la spana zimepakwa mafuta, zimefungwa kwa kitambaa kisafi, kila moja. Mtu aliyekuwa hatengenezi tena baiskeli ya mtu yeyote alikuwa anapaka spana mafuta.

Mimi na dada bado hatujakaa sawa. Kauli ile ilikuwa na ukweli lakini mbele za watu haikuwa mahali pake, na yeye pia alikuwa anaishi mita ishirini na kile chumba. Basi, niishie hapo.

Kwa hiyo msinisikie nikisema makazi ya wazee mkadhani nyumbani ndo salama. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka familia ndo itunze mzee, makazi yawe njia ya mwisho, na ni sawa kabisa, lakini familia inayopeleka sahani na kurudisha sahani nayo ni makazi, tofauti ni kwamba haina bango getini.

Sasa nawaambia cha kufanya, na najua nitajirudia, vumilieni.

Nenda na shida. Kifungo kimekatika, nenda nacho. Mchele una mawe, nenda nao kwenye ungo. Mtoto wako halali usiku, mpeleke, uliza. Unagombana na jirani kwa ajili ya mpaka, uliza wao zamani walifanyaje. Usijifanye huna shida, unazo. Na shida iwe ya kweli, wazee wanajua mara moja ukiwatania kama watoto, mke wangu alikamatwa siku ya pili kwamba anajua kukuna nazi, akasamehewa tu kwa sababu mchuzi wake kweli ulikuwa mbaya.

Chagua siku moja uishike. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, getini hapapitiki, magari, keki, hotuba. Nenda tarehe 2. Nenda tarehe 9. Huku kwetu tunatambiana Tanga waja leo waondoka leo, sasa wazee wamewapa jina hilohilo wale wanaokuja na mabango, ukishuka kwenye gari tu wananong'onezana waja leo hao. Na usiseme nitakuja kesho kama huji. Mimi kulikuwa na harusi ya mdogo wangu, nikaruka Jumatatu bila kusema, nikajua wataelewa. Nilipokuja nikaambiwa Babu aliandaa bakuli saa mbili asubuhi, akakaa nalo mpaka jioni, akakataa lisimwagwe, povu likakauka limeganda pembeni kama chokaa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu harusi ilikuwa nzuri? Siku hizi hata nikichelewa robo saa napiga simu.

Mwamkie kila mtu shikamoo yake. Mmoja mmoja, unamwangalia.

Picha, hapana. Kama hujaombwa na mzee mwenyewe, hapana. Nimeshasema.

Na uliza habari za watu wazima, siyo umekula umelala. Mwulize kuhusu alichokuwa anakijua. Babu mwulize Coastal Union, atakupa kikosi kilichochukua ubingwa 1988 kipa mpaka mshambuliaji wa pembeni, ila usimwulize ubingwa uliofuata ni wa mwaka gani maana atakunyima kiti. Na yule bingwa wa bao ni African Sports, msiwakalishe pamoja siku ya mechi. Au wakalisheni, bora wagombane.

Mnaoniandikia kwamba mpo bize, mna biashara, mna malengo. Hata mimi nina malengo, nataka saluni ya viti sita na ya pili Chumbageni, Jumatatu ndo siku pekee ninayopata na ninaitoa. Halafu nikifungua simu nakuta vijana wamepanga foleni wanapigwa picha na sabuni. Sabuni! Yaani mtu anatoa boksi la sabuni anaondoka anajisikia mtakatifu, na huyo alikuwa mimi, ndo maana nina ukali nalo. Mna wazee uani kwenu, fungueni mlango hata leo, msisubiri kusema kwenye arobaini.

Dada wa Dar amenijibu juzi. Alikwenda na gauni la mtoto wake limefumuka pindo, na sindano. Mama mkubwa akalishika akasema nani amelishona hivi, akalifumua lote. Lote! Sasa gauni halivaliki, imebidi aliache hukohuko, na ameambiwa arudi wiki ijayo na uzi wa bluu iliyoiva siyo ile aliyobeba, na mtoto mwenyewe aje apimwe. Dada analalamika nauli ya Dar mpaka Tanga kila wiki ataitoa wapi. Nimemwambia hilo sasa siyo swali la upweke.

Mimi kesho Jumatatu naenda. Jioni hii Babu amenipigia kwa simu ya mama msimamizi kunipa maagizo, nije na nyembe pakiti mbili na taulo dogo, lile la mwanzo limechakaa, na yule kijana mpya wa Makorora aliyeshika wembe kama kalamu nije naye tena, hajaiva. Nikamwuliza nilete na nini kingine Babu.

"Sabuni usilete."